Amemsukuma mara moja tu: kwa nini ashtakiwe kwa shambulio la kudhuru mwili? (England)

Mwanakwetu wa Leicester anauliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba mnisaidie kulielewa jambo moja la sheria ya jinai ya hapa England, kwa sababu kila ninayemuuliza hunijibu kwa uhakika mkubwa, na bado sijapata wawili waliokubaliana.

Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa kwenye foleni ya teksi Jumamosi usiku wa manane, na kijana mmoja akaingia mbele yake. Wakarushiana maneno. Yule kijana akamsogelea akimnyooshea kidole usoni, na mdogo wangu akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Sukumo hilo lilikuwa moja, halikufuatiwa na ngumi wala teke. Kijana mwenyewe alikuwa amelewa na miguu haikuwa imemkaa sawa, kwa hiyo aliyumba, akageuka, akajikwaa kwenye ukingo wa barabara na kuangukia uso. Alivunjika jino moja la mbele na kupasuka mdomo wa juu, ambao ulishonwa hospitalini.

Polisi walimkamata mdogo wangu papo hapo, wakamhoji asubuhi yake baada ya kumsomea onyo, kisha wakamwachia. Sasa, baada ya miezi miwili na nusu, amepokea barua ya kumwita Mahakama ya Mahakimu kwa shtaka la kushambulia na kusababisha madhara ya mwili, chini ya kifungu cha 47 cha Sheria ya Makosa Dhidi ya Mwili wa Mtu ya mwaka 1861. Anatakiwa kufika baada ya wiki tatu.

Yeye anashikilia kwamba hakukusudia kumvunja mtu jino, na kwamba mtu hawezi kuwa na hatia ya jambo ambalo halikumpitia hata akilini. Anasema pia kwamba aliyeanza ni yule mwingine. Tena, rafiki wa pamoja ametuletea habari kuwa kijana mwenyewe hana kinyongo na angependa yaishe, jambo ambalo kwa mdogo wangu lina maana kuwa kesi imekwisha. Mimi nina mashaka na yote matatu, ila sina elimu ya kumjibu. Je, sheria inasemaje?

Karani wa Zamani anajibu:

Dada yangu, pole kwa mtihani huu. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya mawakili wa utetezi, na mashtaka ya kifungu hiki yalikuwa mkate wetu wa kila siku, hasa Jumatatu asubuhi. Nitajaribu kukueleza jinsi sheria yenyewe ilivyojengwa, kisha uniulize palipobaki giza. Haya ni maelezo ya jumla, na mdogo wako anahitaji wakili aliyeyasoma makaratasi ya kesi yake.

Sheria ya 1861 haikuandikwa kama ngazi yenye vidato vinavyofuatana. Ilikuwa kapu la makosa yaliyokusanywa kutoka sheria za nyuma, ndiyo maana mpaka leo kosa la kuoa au kuolewa mara ya pili huku ndoa ya kwanza ikiwa hai limo humo humo, katika kifungu cha 57, vifungu kumi tu baada ya hiki kinachomsumbua mdogo wako. Mahakama ndizo zilizolazimika kulipanga kapu hilo. Chini kabisa kuna shambulio la kawaida, ambalo sasa linashtakiwa chini ya kifungu cha 39 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988, na adhabu yake haizidi miezi sita. Kisha kinakuja kifungu cha 47, ambacho kikomo chake ni miaka mitano. Juu yake kuna kifungu cha 20, cha kujeruhi au kuleta madhara makubwa ya mwili, ambacho nacho kikomo chake ni miaka mitano. Kileleni kuna kifungu cha 18, ambapo mtu amejeruhi au ameleta madhara makubwa akiwa amekusudia kuleta madhara makubwa, na hapo adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Umeona mwenyewe kwamba vifungu vya 47 na 20 vina kikomo kimoja ingawa kimoja kinahesabiwa kuwa kizito kuliko kingine. Hilo limekosolewa kwa miongo mingi. Tume ya Sheria ilipendekeza mwaka 2015 kwamba vifungu hivi vyote vifutwe na kuandikwa upya, lakini Bunge halijafanya hivyo.

Sasa hoja ya kwanza ya mdogo wako, ambayo ndiyo kiini cha kosa hili. Kifungu cha 47 kina sehemu mbili: shambulio, na dhara lililoletwa na shambulio hilo. Kinachoshangaza watu wengi ni kwamba nia inatafutwa katika sehemu ya kwanza peke yake. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kuwa alikusudia kumgusa mwenzake kwa nguvu isiyo halali, au kumfanya atarajie nguvu hiyo papo hapo, au kwamba aliiona hatari ya jambo hilo kutokea na akaipuuza. Hawahitaji kuthibitisha kwamba alikusudia dhara, wala kwamba alilitarajia. Swali la dhara ni la ukweli mtupu: je, lilitokea, na je, lililetwa na shambulio?

Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho nchini kwa wakati huo, lilimaliza ubishi huo mwaka 1991 katika kesi zilizosikilizwa pamoja za Savage na Parmenter. Katika kesi ya Savage, mwanamke mmoja alikwenda baa akiwa na nia ya kummwagia bia mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wa mumewe. Bia ilimwagika kama alivyotaka, lakini glasi nayo ilimponyoka, ikavunjika na kumkata yule mwingine kwenye kifundo cha mkono. Malodi walisema kwamba kummwagia mtu bia kwa makusudi ni shambulio tayari, na kwa kuwa shambulio hilo ndilo lililoleta jeraha, hatia ya kifungu cha 47 imekamilika hata kama hakuna aliyethibitisha kwamba mshtakiwa alifikiria kukatika kwa mtu. Badala ya bia weka sukumo, na badala ya glasi weka ukingo wa barabara.

Kuhusu ulevi wa yule kijana na miguu yake isiyo imara, hauvunji mnyororo unaounganisha shambulio na dhara. Kanuni ni kwamba mkosaji humchukua aliyemkosea kama alivyomkuta: mwenye mifupa dhaifu, mwenye ugonjwa, na mlevi pia. Mnyororo hukatika pale tu ambapo kilichofuata ni cha ajabu kiasi kwamba hakuna mtu wa kawaida ambaye angekitarajia. Katika kesi ya Roberts ya mwaka 1971, msichana aliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda baada ya dereva kujaribu kumvua koti, na mahakama ikaona kuwa kuruka kwake kulikuwa tokeo la shambulio. Mtu aliyesukumwa akaanguka yuko karibu zaidi na shambulio kuliko huyo aliyeruka.

Naomba unijibu swali moja kabla sijaendelea: alisema nini hasa katika mahojiano ya polisi?

Mwanafunzi wa Sheria anajibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Karani, ila nina swali ambalo linaweza kumhusu dada. Tulifundishwa kwamba jeraha kisheria ni kupasuka kwa tabaka zote za ngozi, kama ilivyoamuliwa katika kesi ya Eisenhower, ambapo risasi ya bunduki ya upepo ilimpiga mvulana karibu na jicho, mishipa ya damu ikapasuka kwa ndani, na mahakama ikasema hilo si jeraha kwa kuwa ngozi haikukatika. Sasa mdomo ulioshonwa ni ngozi iliyopasuka. Je, hapa hatuna jeraha, na kwa hiyo kifungu cha 20? Nauliza kwa sababu ningependa dada asije akashtushwa na shtaka kubadilishwa kuwa zito zaidi.

Karani wa Zamani anajibu:

Swali lako ni zuri, na kwa maana ya kamusi ya mahakama uko sahihi, kwani hata mchomo wa sindano unaweza kuitwa jeraha. Lakini kati ya maneno ya sheria na hati ya mashtaka kuna mwongozo wa Idara ya Mashtaka ya Taji, na mwongozo huo unasema kwamba kujeruhi chini ya kifungu cha 20 kuhifadhiwe kwa majeraha mazito kweli, yanayolingana na madhara makubwa ya mwili. Mpasuko mdogo unaomalizwa kwa nyuzi chache kwa kawaida huwekwa kwenye kifungu cha 47. Isitoshe, kifungu cha 20 kinamdai mwendesha mashtaka jambo ambalo cha 47 hakimdai, yaani kwamba mshtakiwa aliiona hatari ya kuleta dhara fulani, hata dogo. Kwa sukumo moja kwenye foleni, hilo ni gumu kulithibitisha kuliko lilivyo kwa ngumi ya uso. Sitegemei kupandishwa kwa shtaka.

Swali la kinyume, yaani kama shtaka linaweza kushushwa hadi shambulio la kawaida, ndilo ambalo wakili wa utetezi atalifikiria. Mwongozo huo huo unaweka michubuko, mikwaruzo, uvimbe na wekundu wa ngozi katika shambulio la kawaida. Jino lililovunjika, kwa jinsi nilivyoyaona mambo, huwa linavuka mpaka huo. Siwezi kusema haiwezekani, na muda wa miezi sita wa kufungua shtaka la shambulio la kawaida haujaisha bado, lakini nisingemtia mdogo wako tumaini kubwa.

Mkalimani wa Mahakamani anajibu:

Mimi si mwanasheria. Nimesimama kando ya washtakiwa wengi wanaozungumza Kiswahili, na ningependa kuligusa lile la msamaha, kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wetu kuliko jingine lolote.

Kesi ya jinai hapa hufunguliwa kwa jina la Taji. Aliyeumizwa ni shahidi, na hata tukimwita mlalamikaji katika tafsiri, kesi haiko mkononi mwake hata aweze kuiondoa. Idara ya Mashtaka hujiuliza mambo mawili: kama ushahidi unatosha kuleta matarajio halisi ya mtu kutiwa hatiani, na kama kushtaki kuna maslahi kwa umma. Matakwa ya aliyeumizwa yanaweza kupimwa katika swali la pili, lakini hayaamui. Pale ambapo kuna picha za kamera za barabarani, ripoti ya hospitali na mashahidi waliokuwa kwenye foleni, kesi inaweza kuendelea hata yeye mwenyewe akikataa kufika. Nimewaona watu wakija mahakamani wakiwa wamevaa vizuri, wametulia kabisa, wakiamini kwamba suluhu ya wazee imemaliza kila kitu. Inauma kumtafsiria mtu wa namna hiyo maneno yanayofuata.

Lipo pia neno la "walikubaliana wenyewe kupimana nguvu", ambalo huenda mtu atamshauri mdogo wako alitumie. Asilitumie. Tangu uamuzi wa mwaka 1981 kuhusu vijana wawili waliotoka barabarani kumaliza ugomvi wao kwa ngumi, ridhaa ya wapiganaji haimkingi mtu pale ambapo dhara la mwili limekusudiwa au limetokea. Michezo yenye kanuni, kama ndondi na mpira, ina nafasi yake ya pekee. Foleni ya teksi haina.

Na jambo la mwisho, dada, ambalo ni la haraka kuliko yote: mdogo wako asimpigie simu yule kijana, asimwandikie, wala asimtume rafiki wa pamoja, hata kama nia yake ni kuomba radhi tu. Wewe mwenyewe umetuambia kuwa habari tayari zinapita kwa rafiki huyo, na mwendesha mashtaka anaweza kuziona kama njia ya kumlegeza shahidi.

Mwanakwetu wa Leicester anaandika tena:

Nawashukuru sana. Lile la rafiki limenitia baridi, na nimeshamwambia mdogo wangu akomeshe mara moja.

Karani, kuhusu mahojiano: aliambiwa ana haki ya wakili bila malipo, akakataa kwa kuwa alitaka kurudi nyumbani mapema. Aliulizwa kwa nini alimsukuma, akajibu, kwa maneno yake, "Alinikera, nikamsukuma aondoke usoni kwangu." Sasa anasema aliogopa kwamba atapigwa. Je, bado anaweza kusema alijitetea? Na katika maelezo ya yule kijana kuna sehemu inayosema kwamba tangu siku hiyo anaogopa kutoka usiku na halali vizuri. Je, hofu hiyo nayo inahesabiwa kuwa dhara la mwili?

Karani wa Zamani anajibu:

Nianze na hofu, maana sheria yake ni ya kuvutia na jibu lake kwa kesi hii ni jepesi.

Mwili, kwa maana ya kifungu hiki, haujaishia kwenye nyama na mifupa. Mahakama ya Rufani ilisema katika kesi ya Chan-Fook, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba madhara ya mwili yanaweza kuwa ugonjwa wa akili unaotambuliwa na madaktari, lakini hofu, huzuni au taharuki peke yake haitoshi, na kwamba ugonjwa huo lazima uthibitishwe na mtaalamu. Mwaka 1997 Malodi walilithibitisha hilo katika kesi ya Ireland, mwanamume aliyekuwa akiwapigia simu wanawake watatu mara kwa mara bila kusema neno, mpaka wakaugua. Ukimya wenyewe ulihesabiwa kuwa shambulio, kwa kuwa ulimfanya anayeupokea aogope nguvu ambayo huenda ingemfikia wakati wowote. Upande wa pili wa mambo, mwaka 2006 mahakama iliamua kwamba kumkata mtu mkia wa nywele zake bila ridhaa ni dhara la mwili, ingawa hakuna tone la damu wala maumivu yoyote. Kipimo cha zamani, ambacho bado kinatumika, ni kwamba dhara lisiwe la kupita mara moja na la upuuzi. Si lazima liwe la kudumu.

Kwa hiyo kukosa usingizi kwa yule kijana, bila ripoti ya daktari, hakuliongezi shtaka lenyewe, kwani jino linatosha. Kutarudi baadaye, wakati wa kupima adhabu, ambapo aliyeumizwa ana haki ya kutoa maelezo ya jinsi tukio lilivyomwathiri.

Sasa kujitetea. Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo jibu la mahojiano linapomgharimu. Sheria ya England haimtaki mtu angoje apigwe kwanza, na wala haina kanuni ya kwamba aliyeanza maneno ndiye mwenye kosa. Inauliza maswali mawili. La kwanza ni la moyoni mwake: je, aliamini kweli kwamba alihitaji kutumia nguvu ili kujikinga? Imani hiyo inaweza kuwa ya makosa na bado ikamlinda, mradi awe aliishika kwa dhati. La pili ni la nje: kwa mazingira kama alivyoyaamini, je, nguvu aliyotumia ilikuwa ya kiasi? Mahakama inakumbushwa, na sasa jambo hilo limeandikwa katika kifungu cha 76 cha sheria ya mwaka 2008, kwamba mtu aliye katikati ya taharuki hawezi kuipima nguvu yake kwa mizani ya dhahabu. Na utetezi huu ukishaletwa, mzigo unabaki kwa mwendesha mashtaka kuubomoa mpaka mahakama iwe na hakika. Mdogo wako hana wajibu wa kuuthibitisha.

Kwa sura ya mambo, sukumo moja dhidi ya mtu anayekusogelea na kidole usoni si nguvu ya kupindukia. Ningesema swali la pili lina nafasi nzuri kuliko la kwanza. Tatizo ni lile "alinikera". Matusi na kero si utetezi wa shambulio, hupunguza adhabu tu. Onyo alilosomewa kabla ya mahojiano linasema kwamba unaweza kuudhuru utetezi wako ukikaa kimya kuhusu jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani. Tangu sheria ya 1994, mahakama inaruhusiwa kujiuliza kwa nini hofu hii haikutajwa asubuhi ile, na kufikia uamuzi kwamba imetungwa baadaye. Hairuhusiwi kumtia hatiani kwa sababu hiyo peke yake, lakini inaweza kuitia kwenye mizani. Upande wake, anaweza kusema kwamba "aondoke usoni kwangu" ni maneno ya mtu anayejitafutia nafasi, na picha za kamera zikionyesha yule kijana akiendelea kusogea, maneno hayo yanaweza kusomeka tofauti na yanavyosomeka kwenye karatasi. Ningependa wakili aione video kabla ya mtu yeyote kuamua lolote.

Je, naye mdogo wako alikuwa amekunywa? Hukusema, na sikuulizi unijibu hadharani. Sheria iko hivi: tangu kesi ya Majewski ya mwaka 1976, ulevi wa kujitakia hauwi jibu kwa kosa la aina hii, na imani ya makosa iliyozaliwa na pombe hailindi mtu katika kujitetea. Katika mwongozo wa adhabu, kufanya kosa ukiwa umelewa huongeza uzito. Watu hudhani pombe ni udhuru, na hapa ni mzigo juu ya mzigo.

Mwanafunzi wa Sheria anajibu:

Naomba kuongeza jambo dogo kwa faida ya wasomaji. Si kila mguso ni shambulio. Katika kesi ya Collins dhidi ya Wilcock ya mwaka 1984, mahakama ilisema kwamba kugusana kwa kawaida kwa maisha ya kila siku, kama kubanana kwenye umati au kumgusa mtu begani ili akusikilize, hakuhesabiwi. Kama yule kijana angeanguka kwa kubanwa tu na watu wa foleni, tusingekuwa na cha kuzungumza.

Karani wa Zamani anajibu:

Ni kweli, ila mikono miwili kifuani haiingii humo.

Dada, nimalizie na siku ya mahakama yenyewe. Kosa la kifungu cha 47 linaweza kusikilizwa mbele ya mahakimu au katika Mahakama ya Taji mbele ya jopo la raia 12. Ataulizwa kwanza kama anakiri au anakana. Akikana, mahakimu wataamua kama kesi inawafaa, na kwa utaratibu ulivyo hadi sasa yeye mwenyewe anaweza kukataa na kuchagua jopo. Mahakimu, tangu Novemba 2024, wanaweza kutoa kifungo hadi miezi 12 kwa kosa moja la aina hii, na wakiona haitoshi wanampeleka Mahakama ya Taji kwa adhabu.

Akikiri katika kikao cha kwanza, adhabu yake inapunguzwa kwa theluthi moja. Akingoja mpaka siku ya kusikilizwa, punguzo linabaki sehemu moja ya kumi tu. Hapo ndipo watu wengi hukiri kwa haraka wakiwa na utetezi mzuri, na wengine hukana kwa kiburi wakiwa hawana. Mwongozo wa adhabu wa mwaka 2021 unaweka kosa hili kati ya faini na miaka minne gerezani, na unahesabu shambulio la ghafla, la muda mfupi, lisilo na silaha kuwa la lawama ndogo. Kwa mtu mwenye rekodi safi, anayefanya kazi na kujuta, gereza si jambo ambalo ningelitazamia kwa sukumo moja. Amri ya kazi za jamii na fidia kwa mwenye jino ni karibu zaidi na nilivyozoea kuona.

Lakini kuna swali ambalo lazima nilitaje, ingawa hukuliuliza. Kama mdogo wako si raia wa Uingereza, na anaishi kwa kibali cha aina yoyote, hata cha kudumu, amweleze wakili wake siku ya kwanza kabisa. Chini ya Sheria ya Mipaka ya Uingereza ya 2007, mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi huingizwa katika utaratibu wa kufukuzwa nchini, wenye misamaha michache, na hukumu ndogo kuliko hiyo nayo huweza kusumbua maombi ya kibali au ya uraia. Miezi 12 ndiyo namba ile ile niliyoitaja hapo juu. Wakili anayejua hali yake atapigania mwezi mmoja mmoja kwa sababu hiyo.

Asikatae wakili mara ya pili. Kosa hili lina adhabu ya kifungo, kwa hiyo siku ya kikao cha kwanza atamkuta wakili wa zamu pale mahakamani, bila malipo. Afadhali zaidi atafute ofisi ya mawakili wiki hii na aombe msaada wa kisheria, ili mtu awe ameomba ushahidi wa mashtaka na kuutazama kabla ya siku hiyo.

Mwanakwetu wa Leicester anaandika tena:

Ana kibali cha kudumu, uraia hajauomba bado. Alikuwa akisubiri kukusanya ada. Hatukuwa tumeliunganisha jambo hilo na kesi hata kidogo.

Nimepata ofisi itakayomwona Alhamisi. Nimemwandikia kwenye karatasi mambo matatu ya kuwaambia: kibali chake, maneno yake katika mahojiano, na kwamba waombe picha za kamera ya pale kwenye foleni. Karani, je, anaweza kwenda na barua ya kumwomba radhi yule kijana, wakaihifadhi wao?

Karani wa Zamani anajibu:

Aende bila barua, dada. Akiandika "nisamehe kwa nilivyokutendea" kabla ya kuamua kama anakana, ameandika ungamo. Amwambie wakili kwamba angependa kuomba radhi, na wakili atamwambia ni lini.